Brashi, kalamu bapa au kompyuta: uanzie wapi kujifunza ufundi wa herufi?

Anayetaka kujifunza kuchora herufi hukuta njia tatu mbele yake. Anaweza kushika brashi na kuandika mabango na kuta, kama wafanyavyo mafundi wa majina ya maduka, shule na mabasi. Anaweza kukaa mezani na kalamu yenye ncha bapa, akajifunza hati za mkono zilizozaa herufi tunazosoma vitabuni. Au anaweza kufungua kompyuta na kuanza kuchora fonti moja kwa moja. Watetezi wa kila njia husema yao ndiyo msingi na nyingine ni nyongeza. Hapa tunazipima zote tatu kwa vigezo vilevile.

Kabla ya vigezo, tutenganishe kazi mbili zinazochanganywa mara nyingi. Anayechora neno anajua herufi gani inakaa jirani na ipi. Akiandika SALAMA juu ya kioo cha basi, anaweza kuibana A ya kwanza, kuipanua ya mwisho na kuirefusha L ili nafasi ijae vizuri. Anayetengeneza fonti hana uhuru huo. Anachora a moja tu, nayo lazima ikae vizuri kando ya kila herufi nyingine, katika maneno ambayo yeye hatayaona kamwe. Jiulize mapema unataka ipi kati ya kazi hizi, maana jibu lake litakusaidia kuchagua njia.

Vigezo

Tutaangalia gharama na vifaa. Kile mkono na jicho vinachojifunza. Kosa linaonekana lini. Mahali wanafunzi wengi hukwama. Na kazi ambayo njia hiyo inakufikishia, pamoja na mtu inayemfaa. Kigezo cha tatu tunakipa uzito kuliko vingine. Ufundi wa herufi ni ufundi wa kugawa weusi na weupe, na mwanafunzi huendelea kwa kasi ileile anayoanza kuona makosa yake. Chombo kinachokuonyesha kosa mapema hukufundisha kwa namna moja, na kinachokufichia hadi mwisho hukufundisha kwa namna nyingine kabisa.

Brashi na ukuta

*Gharama na vifaa.* Unaweza kuanza kwa fedha kidogo, mradi usikosee kwenye brashi yenyewe. Brashi za kupakia rangi nyumba zina nywele nene na ngumu zinazotawanyika, hivyo hazitoi ukingo mkali. Tafuta brashi bapa za wachoraji, zenye nywele laini zilizo ndefu kuliko upana wake: moja ya milimita 12 na nyingine ya 25. Kwa mazoezi, rangi ya maji na magazeti ya zamani vinatosha. Ligeuze gazeti ubavu, na kingo za safu zake zitakuwa mistari ya kuongozea herufi. Kwenye kazi yenyewe utahitaji rangi ya mafuta, tapentaini, chaki, uzi, rula ya mita moja, na fimbo nyembamba iliyoviringishiwa kitambaa kwenye ncha. Mkono mmoja huishika fimbo hiyo ncha yake ikigusa ukuta, na mkono wenye brashi huegemea juu yake bila kugusa rangi mbichi.

*Kinachofunzwa.* Mipigo mitano hutosha kwa alfabeti nzima: wima, mlalo, mshazari, tao la kushoto na tao la kulia. O ni matao mawili yanayokutana juu na chini. S ndiyo itakayokuchelewesha. Katika herufi nzito isiyo na serifu (vikia vidogo kwenye ncha za mipigo), unene wa mpigo ukiwa kama moja ya sita ya kimo, neno linasomeka vizuri kwa mbali. Kwa hiyo brashi ya milimita 25 inaipa herufi ya sentimita 15 unene wake kwa mpigo mmoja, bila kujaza kingo baadaye.

Somo kubwa zaidi la brashi, hata hivyo, ni mpangilio. Ukuta una mwisho, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Njia ya mafundi ni kuhesabu vipimo kabla ya kugusa rangi: herufi ya kawaida hesabu 1, I hesabu nusu, M na W hesabu 1 na nusu, nafasi kati ya maneno hesabu 1. VINYWAJI BARIDI inatoa 7.5, kisha 1, kisha 5: jumla 13.5. Kama ukuta una mita 3 na unaacha sentimita 25 kila upande, umebakiwa na sentimita 250, yaani kama 18.5 kwa kila kipimo, ikiwa ni herufi pamoja na nafasi yake. Baada ya hapo unapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, unachora mifupa ya herufi kwa chaki, unarudi nyuma hatua kadhaa na kuangalia. Neno linalotakiwa kusomwa bila shida linahitaji kimo cha kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Bango la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara ya mita 12 halitakiwi kuwa na herufi zilizo chini ya sentimita 10.

*Kosa linaonekana lini.* Papo hapo, na mbele ya watu. Hakuna kitufe cha kufuta, ila kuna kitambaa chenye tapentaini, na kinafaa tu kabla rangi haijashika.

*Mahali pa kukwama.* Rangi nzito mno huvutika na kuacha kingo zenye meno; nyepesi mno huchuruzika. Ipime kwa kuikandamiza brashi pande zote mbili kwenye kipande cha kigae mpaka nywele zitengeneze ukingo mmoja mwembamba. Ukuta wenye vumbi au chokaa hauishiki rangi, nayo hubanduka kwa magamba. Plasta mpya ni hatari zaidi, kwa sababu alikali iliyomo ndani ya saruji huharibu rangi ya mafuta. Subiri kama mwezi mmoja ikauke, kisha paka rangi ya msingi inayohimili alikali. Baada ya kazi, safisha brashi kwa tapentaini, ichovye kwenye mafuta safi ya mashine, uinyooshe kwa vidole na kuilaza bapa. Brashi iliyoachwa imesimama kwenye kopo hupinda nywele na hainyooki tena.

*Inakufikisha wapi, na inamfaa nani.* Inakufikisha kwenye malipo mapema kuliko njia nyingine mbili. Stika zinazokatwa kwa mashine zimechukua sehemu ya soko, lakini ukuta wa matofali wenye mabonde bado unamhitaji mtu. Inamfaa anayejifunza kwa mwili, asiye na kompyuta, au anayeweza kukaa kando ya fundi na kuanza kwa kujaza rangi kwenye herufi alizochora mwingine. Wanaoidharau wakumbuke Edward Catich, padri Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa mabango kabla ya upadri. Alipochunguza maandishi ya mnara wa Trajan mjini Roma, wa mwaka 113, alitoa hoja kwamba herufi zile zilipakwa kwanza kwa brashi bapa, ndipo zikachongwa. Jicho la mwandishi wa mabango ndilo lililoona kitu ambacho wasomi wengi walikipita.

Kalamu yenye ncha bapa

*Gharama na vifaa.* Huna haja ya kuanza na kalamu ya dukani. Funga penseli mbili pamoja kwa mpira, ncha zake zikiwa sawa, na tayari una kalamu bapa inayokuonyesha kingo zote mbili za mpigo. Kwa kufundishia, kifaa hiki kinashinda vingi vya bei kubwa. Hatua ya pili ni kalamu ya mwanzi: kata mshazari, kwangua ndani hadi ukuta wake uwe mwembamba, pasua mfereji mfupi wa wino katikati, kisha kata ncha kwa pigo moja la wembe juu ya kitu kigumu. Ukipata za dukani, Pilot Parallel ni chaguo zuri kwa anayeanza, kwa sababu wino wake hutiririka bila kuchovya. Ncha ya milimita 3.8 ndiyo tunayoipendekeza. Karatasi nyepesi ya fotokopi hunyonya wino na kutoa kingo zenye manyoya; tafuta ngumu na laini, gramu 100 au zaidi.

*Kinachofunzwa.* Kalamu hii inakueleza kwa nini herufi za vitabu zina sehemu nene na nyembamba. Ukiishika ncha kwenye pembe ya digrii 30 dhidi ya mstari na kuilinda pembe hiyo, mpigo wa wima unapata kama asilimia 87 ya upana wa ncha, na wa mlalo nusu ya upana huo wa ncha. Kwa ncha ya milimita 3.8 hiyo ni 3.3 kwa wima na 1.9 kwa mlalo. Hukuchora unene huo. Umetokea wenyewe kutokana na pembe. Ndiyo maana o ya kitabu imenenepa kushoto chini na kulia juu.

Anza na hati ya msingi: herufi ndogo zenye kimo cha upana wa ncha mara 4, yaani kama milimita 15 kwa ncha hiyo, na vichwa vya b, d, h, k na l vikipanda juu zaidi kwa upana wa ncha mara 3. Jifunze n kwanza, kisha o. Kutoka n unapata m, h, u na r. Kutoka o unapata c, e, d, b, p na q. Kisha andika maneno yenye nguzo nyingi, yaani mipigo ya wima: *nunua*, *mumunye*, *mimina*. Uwazi ulio ndani ya n na uwazi ulio kati ya n na u vinatakiwa vionekane sawa kwa jicho, hata kama rula inasema havilingani. Geuza karatasi juu chini, na madoa meusi yatajitokeza kwa sababu umeacha kusoma na umeanza kuona.

*Kosa linaonekana lini.* Kwenye mstari uleule, dakika chache baada ya kulifanya. Karatasi haikuaibishi kama ukuta, wala haikufichii kosa kama kioo cha kompyuta. Kwa maoni yetu hapa ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Unaweza kuandika mistari ishirini ya n jioni moja na kuilinganisha yote kwa pamoja.

*Mahali pa kukwama.* Kiganja kugeuka. Mwanafunzi anapozunguka kwenye tao, pembe hushuka kutoka 30 hadi 10 bila yeye kujua, na mlalo unakonda. Weka alama ya zigizaga ya majaribio mwanzoni mwa kila mstari ili uone pembe yako. Wengine hulitoa tao la n nje ya nguzo kama tawi lililogundishwa. Lianze ndani ya nguzo, chini kidogo ya kilele chake. Na wapo wanaokaa miaka kwenye kunakili hati nzuri bila kuuliza kwa nini ni nzuri. Hao hupata mwandiko wa kupendeza na kuishia hapo.

*Inakufikisha wapi, na inamfaa nani.* Malipo yake ni ya polepole: vyeti, kadi za mwaliko, majina ya kwenye zawadi. Lakini kwa anayetaka hatimaye kutengeneza fonti, jicho linalopatikana hapa hudumu. Edward Johnston, aliyefufua matumizi ya kalamu hii Uingereza, ndiye aliyechora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1916, herufi zisizo na serifu wala tofauti kubwa ya unene, ilhali uwiano wa herufi zake kubwa umetoka kwenye herufi za Kirumi zilizochongwa, na wa herufi ndogo kwenye hati za kalamu. Gerrit Noordzij naye alifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha KABK mjini Den Haag, Uholanzi, akianzia kwenye mpigo wa kalamu kabla ya kingo za herufi.

Anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hana njia ya mkato kuipita kalamu hii. Kule ukubwa wa herufi hupimwa kwa nukta zinazowekwa kwa ncha ileile inayoandika, na herufi hubadilika umbo kufuata mahali pake katika neno. Brashi na kompyuta huiga tu kilichoamuliwa na mwanzi.

Kompyuta moja kwa moja

*Gharama na vifaa.* Gharama ni kompyuta yenyewe. FontForge ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji mashine yenye nguvu. Sura yake ni ya kizamani na huchosha siku za mwanzo, ila inatoa fonti kamili. Glyphs ni nyepesi kujifunza lakini inalipiwa na inakaa kwenye Mac pekee. FontLab inalipiwa pia, nayo iko kwenye Windows na Mac. Printa ni ya lazima kuliko wengi wanavyodhani, au walau duka la karibu la kuchapisha.

*Kinachofunzwa.* Mfumo. Gawanya mraba wa herufi katika vipimo 1000. Kwa fonti ya kwanza isiyo na serifu, weka kimo cha herufi ndogo 500, herufi kubwa 700, unene wa nguzo 84. Mipigo ya mlalo ipunguze hadi kama 74, kwa sababu jicho huona mlalo kuwa mnene kuliko wima wa kipimo kilekile. O ipite mstari wa juu na wa chini kwa vipimo kama 10, la sivyo itaonekana ndogo kando ya n. Weka nodi, yaani alama zinazoshikilia mstari, juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa mwa kila tao. O inahitaji nodi nane tu, nne za nje na nne za ndani. Mishikio ya nodi, yaani vijiti vinavyopinda tao, iwe wima au mlalo, isikae mshazari.

Kisha nafasi. Anza na 70 kushoto kwa n na 64 kulia, o ikipata kama 40 kila upande. Andika *nnnonnoonn* na urekebishe mpaka mstari uwe na rangi moja ya kijivu, ndipo uongeze a, i, k, u, w, m. Kwa Kiswahili tunashauri kuanza kuijaribu a mapema, kwa kuwa ndiyo inayojaza kurasa. A mbaya itaharibu aya nzima hata kama g yako ni ya kuvutia. Marekebisho ya jozi mojamoja yaje mwisho kabisa: *Wa*, *Ya*, *Ta*, *Va*, *wa*, *ya*. Na usiisahau ng'. Katika *ng'ombe* na *ng'ambo* ritifaa huwa katikati ya g na irabu, na fonti nyingi zilizotengenezwa bila kufikiria Kiswahili huacha pengo hapo linaloligawa neno vipande viwili.

*Kosa linaonekana lini.* Kwa kuchelewa, na hili ndilo tatizo lake kuu. Herufi moja iliyokuzwa hadi kujaza kioo huonekana safi daima. Kosa hujitokeza unapoweka aya nzima kwa ukubwa wa pointi 10 au 12 kwenye karatasi, na pengine wakati huo umeshachora herufi 60 zenye kosa lilelile. Chapisha mara tu unapokuwa na herufi sita.

*Mahali pa kukwama.* Wengi hupiga picha mchoro wao na kuiachia programu ifuate kingo yenyewe. Matokeo ni nodi nyingi mno mahali palipohitaji nne, na kingo zenye vinundu visivyoondoka. Weka picha nyuma na uchore upya juu yake kwa mkono. Tundu la o likijaa weusi, mistari ya ndani na ya nje inakwenda upande mmoja, igeuze mmojawapo. Na kuna kuchoka. Fonti ndogo ya matumizi ya kawaida ina alama zaidi ya 200 ukihesabu tarakimu, vituo na herufi zenye alama juu, na wengi huiacha wakifika kwenye mabano.

*Inakufikisha wapi, na inamfaa nani.* Inakufikisha kwenye kitu kinachoweza kutumiwa na watu usiowajua, katika lugha ambazo fonti nyingi hazizijali: ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba, ŋ ya Luganda, ɛ na ɔ za Kilingala. Inamfaa mwenye subira ya kurudia na anayependa kuona sheria moja ikishika kila mahali. Mwalimu wake bora ni fonti za leseni huria. Pakua Andika, iliyotengenezwa na SIL, shirika la mambo ya lugha, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, uifungue ndani ya FontForge na uangalie nodi na nafasi za kila herufi. Leseni yake inaruhusu kuichunguza na kuibadilisha, mradi ufuate masharti yake.

Na vyuo?

Vipo, na vizuri. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na KABK hutoa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja katika utengenezaji wa fonti. Victor Gaultney alianza Gentium, fonti huria inayobeba lugha nyingi sana za Afrika, akiwa mwanafunzi Reading. Ila vyuo hivi hupokea watu wenye kazi za kuonyesha tayari. Havichukui nafasi ya njia tatu tulizozieleza. Huja baada yake.

Kwa hali yako

Kama unahitaji kipato ndani ya miezi michache na una fundi wa kukaa naye, shika brashi. Usiku, kwa penseli mbili zilizofungwa, andika n na o; haitakugharimu chochote na itazinyoosha herufi zako ndogo, ambazo ndizo udhaifu wa waandishi wengi wa mabango.

Mbunifu wa ofisini mwenye kompyuta, ambaye kila siku huchagua fonti za wengine kwa nembo na mabango, atafaidika zaidi na kalamu kwa miezi kadhaa kabla ya kufungua FontForge. Programu ataijua haraka. Jicho ndilo linalokawia.

Mwalimu wa sanaa mwenye darasa kubwa na bajeti ndogo aanze na penseli mbili, si brashi. Rangi huharibika, humwagika, na humlazimisha kusimamia usafi badala ya herufi.

Ukiwa mwanaprogramu, au mtu ambaye mkono wake hutetemeka, kompyuta ni mahali halali pa kuanzia. Herufi nyingi nzuri zimechorwa na watu wasio na mwandiko mzuri. Jiwekee tu sharti la kuchapisha kwenye karatasi kila wiki.

Na kama lengo lako ni fonti ya lugha ya nyumbani kwenu, usianze na A. Kusanya kwanza kurasa kadhaa za maandishi ya lugha hiyo, orodhesha kila herufi na kila alama inayotokea humo, angalia zipi zinajirudia zaidi na zipi hukaa jirani. Orodha hiyo ndiyo mpango wako wa kazi. Chora n, o na herufi yenye alama inayotokea mara nyingi kuliko zote. Kwa Kikuyu hiyo ingekuwa ĩ au ũ. Uwazi kati ya alama na herufi iliyo chini yake uupime mapema, kwa sababu ndio utakaoamua nafasi kati ya mistari ya fonti nzima.